Maji Yaliyohamia Ng'ambo ya Kilima

Nilikulia Kishapu, ambako maji tuliyajua kwa namna mbili tu: yale yanayoshuka mawinguni na yale yanayofukuliwa mtoni kwa mikono. Kiangazi mto wetu ulikuwa barabara ya mchanga. Tulichimba shimo, tukachuchumaa pembeni, tukangoja maji yajikusanye ndipo tuyachote kwa kata, kidogo kidogo. Kwa hiyo siku nilipoona kwa mara ya kwanza maji yakianguka kutoka juu ya mwamba, nikiwa kijana niliyemaliza kidato cha nne na kuambulia patupu kwenye almasi za Maganzo, nilifanya jambo la kitoto. Nilisimama nikasubiri yaishe.

Hayakuisha. Nilikaa pale hadi kivuli changu kikahama upande, na maji bado yanaanguka.

Hiyo ilikuwa huku Geita, kwenye kilima kilicho nyuma ya nyumba ninayoishi hadi leo. Si maporomoko makubwa. Ukipandanisha nyumba mbili za bati, moja juu ya nyingine, umepata urefu wake. Chini pana kidimbwi cha maji yanayomfika mtoto magotini, na kando yake mwamba mpana, laini, ambao familia nzima inaweza kukaa na kula. Mke wangu alizaliwa chini ya kilima hicho. Nilimwona kwanza pale pale kidimbwini, akichota, na neno la kwanza aliloniambia lilikuwa, "Kaka, unaziba njia."

Alifariki miaka mitatu iliyopita. Baada ya arobaini, binti yetu, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi mjini, alianza kuja kila Jumamosi na watoto wake wawili, msichana wa miaka kumi na mmoja na mvulana wa miaka sita. Jumamosi za kwanza tulikaa sebuleni tukitazamana. Ya nne binti yangu akasimama, akafunga kanga kiunoni juu ya suruali yake.

"Baba, tukikaa humu tutazeeka sote. Twende kwenye maporomoko ya mama."

Ndivyo tulivyoanza. Njia haina shida kwa mtoto. Unapita kati ya mihogo, unaingia kwenye miti ya miombo, unavuka korongo dogo juu ya gogo, kisha kuna mpando mmoja wa mawe ambapo kila mtu, hata mimi mwenye magoti mabovu, hushika mizizi kama ngazi. Nusu ya njia tunapumzika. Binti yangu hufungua kopo la michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga za kukaanga, na mvulana huuliza kila mara kama tumekaribia, na dada yake humjibu kila mara kwamba maporomoko yamehamishwa, sasa yako Chato, tutapanda basi.

Siku hiyo ya kwanza ilikuwa masika. Maji yalikuwa meupe na yanapiga kelele hata ikabidi tuongee kwa kupaza sauti. Ukungu wa maji ulituletea baridi usoni. Watoto walivua viatu. Msichana alitaka kujua mambo yote kwa mara moja: kwa nini majani yaliyo karibu na maji ni madogo, kwa nini vyura wanalia upande mmoja tu, na yule pimbi aliye juu ya jiwe anakunywa saa ngapi. Mengi sikuyajua. Tulikubaliana kwamba tutakuja kila majira tuone wenyewe. Mama yake akamnunulia daftari la kuchorea, na kila tulipokwenda alichora maporomoko jinsi yalivyo siku hiyo.

Daftari hilo ndilo lililoanza kunisumbua.

Kwa maana mwezi wa sita ulipofika, mchoro ulikuwa wa uzi mmoja wa maji. Mwezi wa saba ulikuwa wa mwamba mtupu, wenye mstari mweusi mahali maji yalipokuwa yakipita, na viota vya nyigu vikining'inia chini yake. Mvulana aliweka kiganja kwenye ule mstari mweusi, akasema bado ni baridi. Dada yake akaweka sikio.

"Babu, yameenda wapi?"

Kabla sijajibu, mama yake alisema, "Hata mimi nashangaa. Mama aliniambia alikuwa akichota hapa kiangazi chote. Mwezi wa nane, wa tisa. Watu walitoka vijiji vingine kuja kuchota hapa."

"Mvua zimepungua," nikasema.

Huo ulikuwa uongo wa kwanza. Mvua kweli zimebadilika, kila mkulima atakuambia. Lakini mimi nilijua maji yale yalikwenda wapi, na nilijua ni nani aliyeyapeleka.

Uongo wa pili niliusema wakati wa vuli. Tulikuwa tumekaa kwenye mwamba mkavu, mawingu yamejaa juu ya kilima, mara tukasikia kama mtu anakokota matawi. Yalikuja kwanza majani makavu, yakaanguka kidimbwini kimya kimya. Kisha povu. Kisha maji ya rangi ya chai ya maziwa, yakaruka kwenye ukingo, na watoto wakapiga mayowe kana kwamba kuna goli. Nimeishi na kilima hiki zaidi ya miaka arobaini na sikuwahi kuyaona maji yakifika. Nilisahau kuwa na hofu. Nilisimama nao, nikapiga makofi.

"Ona, yakija yanakuja kwa mvua tu," binti yangu akasema. "Ya chemchemi hayapo. Kitu gani kinaua chemchemi, baba?"

"Watu wamekata miti sana huko juu."

Aliniangalia. Yeye hufundisha watoto sitini darasani, anamjua anayedanganya kwa jinsi anavyokaza shingo.

Mwaka ukazunguka, maji yakakatika tena mwezi wa saba. Tukiwa tumekaa pale kwenye mwamba, binti yangu akafunga daftari la mwanawe na kusema, "Jumamosi ijayo tunapanda hadi juu. Nataka kuiona hiyo chemchemi ilipokuwa."

Juu kuna shimo letu.

Wiki nzima sikulala vizuri. Hesabu yangu ilikuwa rahisi: nikinyamaza, wanangu watatembea kwenye kilima chenye shimo lisilo na uzio; nikisema, huenda nikapoteza Jumamosi zangu. Sina kingine nilichobakiwa nacho. Mtu akishazeeka, siku sita anazipitisha tu ili afike ya saba.

Acha nieleze lile shimo, maana asiyetoka huku hawezi kujua. Wachimbaji huliita duara. Tulikuwa wanaume wanane, kila mmoja ametoka kwao: Kigoma, Singida, Tabora, mimi Kishapu. Tuliona mawe meupe yamejitokeza juu ya kilima, tukayafuata kwenda chini, tukikinga kuta kwa magogo. Mawe yalikuwa na dhahabu, si nyingi, lakini ya kutosha kumfanya mtu aamini kesho. Tulipofika kina cha kamba mbili tatu zilizoungwa, maji yakaanza kutoka ukutani. Masafi, ya baridi, unaweza kunywa. Tukayavuta kwa ndoo na kuyamwaga kando. Mimi, mtoto wa mto wa mchanga, niliyamwaga maji yale kama takataka.

Na tulikuwa na miiko. Huruhusiwi kupiga mluzi shimoni. Na mwanamke hasogei karibu na duara, maana mguu wake ukikanyaga pale, dhahabu inakimbia. Hakuna aliyeuliza inakimbilia wapi. Nimesoma hadi kidato cha nne, nilijifunza kuhusu mawe na namna yalivyofanyika, nami niliufuata mwiko ule kama wengine. Sitasingizia ujinga.

Siku moja mke wangu alikuja. Alikuwa na ndoo tupu mkononi. Alifika hadi kwenye mti wa mninga, hatua kama thelathini kutoka kwenye duara, na wenzangu wakaruka juu.

"Mama, hapo hapo! Usisogee! Rudi ulikotoka!"

"Hee, mzee wa Kishapu, mkeo kaja kukuletea uji au kaja kutufilisi?"

Wakacheka. Yeye hakucheka. Alisimama pale pale kwenye mninga akapaza sauti.

"Dhahabu yenu siitaki. Nimekuja kusema maji yanapungua kule chini. Jana nimejaza ndoo kwa muda wa kupika ugali. Haya mnayomwaga hapa mnayatoa wapi?"

Wenzangu walinigeukia mimi. Nilikuwa nimeshika kamba. Nikasema, "Nenda nyumbani, tutaongea jioni," na nikaendelea kuvuta kamba.

Jioni hatukuongea. Kesho yake wenzangu walidai pale aliposimama pasafishwe, na nikakubali. Nilinunua kuku mweupe kwa mkono wangu mwenyewe, akachinjwa chini ya mninga ili kuondoa mguu wa mke wangu. Nyama yake nilikula.

Kisha tukafanya jambo baya zaidi. Kuvuta maji kwa ndoo kulituchosha, kwa hiyo tukatoboa tundu kutoka ubavu wa pili wa kilima, tukaliendesha hadi likakutana na duara, ili maji yatoke yenyewe. Kazi ya miezi. Tulijivunia sana. Maji yalitoka mbio upande ule, sisi tukashuka chini pakavu. Kiangazi kilichofuata, maporomoko yalikatika kwa mara ya kwanza. Na mwaka ule ule mawe meupe yakaisha, tukapata udongo mtupu. Wenzangu walisema ni kwa sababu ya mke wangu. Na hapo pia nilinyamaza.

Mke wangu hakulisema tena. Alianza kwenda kuchota kwenye kisima cha mbali, binti yetu, wakati huo bado mdogo, akimfuata nyuma na kidumu chake. Kwa miaka yote tuliyoishi pamoja hakuwahi kunikumbusha. Ningependa angenikumbusha.

Jumamosi ikafika, tukapanda. Tulipofika kwenye mninga, ambao sasa umekuwa mnene mara mbili, niliwaambia watoto wakae kwenye jiwe, wale michembe, wasiinuke hata wakimwona chui. Mvulana akauliza kama kuna chui kweli. Dada yake akamwambia chui hali watoto wenye kamasi.

Nikampeleka mama yao pembeni nikamwambia. Nilimwambia yote, pamoja na kuku.

Alisikiliza akiwa ameangalia kule shimo lilipo. Magugu yamelizunguka, hulioni hadi ufike.

"Mama alifika wapi?"

"Hapa. Kwenye mti huu."

"Na walipomfukuza, wewe ulisema nini?"

"Nilimwambia aende nyumbani."

"Halafu?"

"Nikavuta kamba."

Akaanza kutembea kuelekea kwenye duara. Nikajikuta nimetoa mkono na kusema, "Usisogee, mama!" Akageuka. Tulitazamana, na tulijua sote wawili maneno yale yalikwishasemwa mahali pale.

"Kwa nini nisisogee?"

"Kingo zimelegea. Udongo unaweza kukatika. Ni hilo tu, mwanangu. Ukilala kifudifudi unaweza kuchungulia, mimi nitakushika miguu."

Akalala kifudifudi. Nikamshika vifundo vya miguu, kama nilivyomshika alipokuwa akijifunza kuogelea kidimbwini. Alichungulia kwa muda mrefu. Kisha akaokota kokoto, akaliachia. Tulisikia likigonga ukuta, likagonga tena, halafu: chubwi.

"Maji," akasema. Sauti yake ilikuwa imebadilika. Hata akiwa na hasira mwanangu hawezi kuacha kutaka kujua. Hilo alilirithi kwa mama yake. "Baba, yapo bado."

Lakini alipoinuka na kujipangusa alikumbuka tena. Tulishuka, yeye mbele, mimi nyuma. Mvulana aliuliza nani amekasirika, na dada yake akamvuta mkono.

Jumamosi iliyofuata hawakuja. Ile nyingine pia hawakuja. Nilipanda peke yangu hadi kwenye mwamba, nikakaa, na nilijifunza kwamba maporomoko makavu bila watoto ni ukuta tu.

Jumamosi ya tatu, asubuhi, nikasikia bodaboda mlangoni. Binti yangu alishuka na watoto, na kiroba cha pumba za mpunga kutoka mashineni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama."

"Vaa viatu. Kama maji ya shimoni ndiyo yanayotokea upande wa pili, pumba zitayafuata. Wewe utazimwaga, sisi tutasubiri kule kwenye tundu lenu. Sitaki kuambiwa tena. Nataka kuona."

Msichana alikuwa amekwishaandika daftarini: *Jaribio*.

Nilipanda polepole na kiroba begani. Nikalala kifudifudi, nikazimwaga pumba zote, zikashuka kama mvua ya vumbi. Kisha nikakaa chini ya mninga na simu mkononi. Sijawahi kungoja kitu kwa namna ile tangu shimo la mchanga la utotoni. Nilitaka zitoke, ili mwanangu ajue kwamba safari hii nimemwambia kweli. Na nilitaka zisitoke, ili iwe kwamba maji yalijipotelea yenyewe.

Jua lilikuwa limepanda sana simu ilipoita.

"Baba, zimetoka." Nyuma yake nikawasikia watoto wakipiga kelele kama siku ile ya vuli. "Zimejaa kote. Njoo uone."

Nilizunguka kilima. Sikuwa nimefika upande ule tangu tulipoacha duara, na nilitegemea kukuta kifusi na tope. Nilikuta kijani. Maji yanatoka kwenye tundu letu, yanaanguka kwenye jiwe, kimo cha mtoto, kisha yanatiririka kati ya magimbi na matuta ya mchicha na matembele. Pumba zilielea kila mahali. Mama mmoja wa makamo, ameshika jembe, alikuwa akimsikiliza mjukuu wangu akimweleza jaribio.

"Mwangaluka, mayu," nikamsalimia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, mzee. Ndiye wewe unayenitupia pumba kwenye mboga?"

"Ndiye mimi. Na ndiye mimi niliyetoboa hilo tundu."

Aliegemea jembe lake. "Kumbe! Mimi nilijua ni kazi ya Mungu. Kila mwaka nashukuru."

Binti yangu alicheka, kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Kisha akauliza lile nililokuwa nikiliogopa.

"Tukiliziba, maji yatarudi kule kwa mama?"

"Huenda," nikasema. "Yakikosa pa kutokea yatapanda. Sina hakika."

"Mkiliziba mimi na wanangu tutakula nini?" mama wa bustani akauliza. Hakuwa na ukali. Alitaka kujua tu. "Nimelima hapa tangu nimeolewa."

Binti yangu aliyatazama magimbi, akamtazama yule mama, akanitazama mimi. Nadhani hapo ndipo alipoelewa ukubwa wa nilichofanya, na mimi pia: kwamba ni kosa ambalo hata kulisahihisha sasa ni kumkosea mwingine.

"Waambie watoto," akaniambia. "Wewe mwenyewe. Na kuku pia."

Tukakaa kwenye mawe kando ya maji, nikawaambia. Mvulana alisikiliza huku akivua viatu.

"Babu, kwa nini hukumsikiliza bibi?"

"Niliwaogopa wenzangu wasinicheke."

"Mimi wakinicheka nawarushia mawe."

"Hapana, hurushi," mama yake akasema.

Tangu siku hiyo tuna njia mbili. Mvua zikianza tunakwenda maporomokoni, kukaa kwenye mwamba na kungoja majani makavu yafike kwanza. Kiangazi tunazunguka kilima hadi kwa mama wa bustani, tunamsaidia kupalilia, na watoto wanaoga chini ya maji yale mafupi. Duara tumelizungushia miiba na magogo, mimi na wanaume wanaolima kando ya maji yale. Binti yangu hajaniambia kwamba yamekwisha, na sitamwuliza. Huja kila Jumamosi, huniambia nivae viatu.

Wiki iliyopita mjukuu wangu alikuwa akichora ukurasa wa mninga. Alichora mti, na chini yake mwanamke amesimama. Kalamu ikasimama hewani.

"Babu, ndoo ya bibi ilikuwaje?"

Mama yake, aliyekuwa akimenya karanga, aliacha kumenya.

"Ya bati," nikasema. "Ya kijani, rangi imebanduka chini. Mkono wa ndoo ulikuwa wa waya, ameuzungushia kipande cha kanga nyekundu ili usimkate vidole."

"Aliishika kwa mkono gani?"

"Wa kushoto. Wa kulia alikuwa ametunyooshea sisi."

Akainama, akaanza kuuchora mkono wa kulia.